Hodi Tatu kwa Siku

Ilianza Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nane na dakika kumi mchana, katika duka la kuchapa mjini Koboko. Kevina alikuwa peke yake, akipanga kurasa za barua ya parokia. Alisikia vidole vikigonga mbao mara mbili, halafu sauti ya mwanaume: "Hodi!"

"Karibu," akajibu bila kuinua macho.

Hakuna aliyeingia. Alipotazama, mlango ulikuwa wazi kama ulivyokuwa tangu asubuhi, na ulikuwa wa chuma. Mbao iligongwa wapi? Ndipo akaitambua sauti ile. Ilikuwa ya kaka yake Alionzi, mwenye duka, ambaye walimzika nyumbani Dranya siku sita zilizopita.

Kevina hakukimbia. Alikuwa amesomea kompyuta Arua, chuo kikuu, na alizoea kuandika kila jambo pamoja na saa yake. Aliandika katika daftari: saa 8:10. Kisha akapunguza sauti ya kompyuta mpaka sifuri. Saa kumi na dakika tano hodi ikaja tena, kubwa vilevile, na safari hii aliona kipimo cha sauti kikipanda chenyewe kwenye skrini, halafu kikashuka. Basi kitu kilikuwa ndani. Alifungua orodha ya programu zinazoendelea, akazipitia moja moja, akaikuta: imejificha kati ya mafaili ya printa, imepewa jina la printa, haina dirisha wala alama. Ndani yake mlikuwa na rekodi moja ya sekunde nne na maagizo. Mara tatu kwa siku, wakati wowote wa kazi. Tarehe ya kuanza: 12 Machi.

Hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Kevina. Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau.

Alicheka, kwa sababu mzaha huo ulikuwa wa Alionzi kabisa, halafu akalia mpaka mteja aliyefika kutoa nakala akaondoka kimyakimya. Angeweza kuifuta programu ile pale pale. Badala yake aliitia kompyuta hiyo ya kupakata kwenye mkoba, akapanda boda mpaka Dranya, kwa mama yake.

Mama Paska hakuwa amekula vizuri tangu mazishi. Asubuhi iliyofuata, hodi ya kwanza ilipotoka kwenye kompyuta mezani, beseni lilimponyoka.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu ndani."

"Mama, ni rekodi tu. Aliiweka ili anicheke."

"Mimi najua ni rekodi. Wewe iko na digrii, mimi iko na mtoto. Wacha mimi najibu."

Kevina akamwacha. Siku hiyo mama alikula ugali wa muhogo sahani nzima, na hilo peke yake lilimtosha binti yake.

Jumapili daftari lilionyesha hodi tano. Jumatatu, tisa. Kevina alisoma upya maagizo ya programu: bado yalisema tatu. Jumanne rekodi ya sekunde nne iliongezewa pumzi mwishoni, kama ya mtu aliyetembea mbali, na mchana ikasema, "Hodi, Mama." Neno hilo halikuwamo. Alifuta programu, akaizima kompyuta na kuiwasha, akatafuta katika kila folda, akatoa betri na kuifunga mashine kwenye blanketi chini ya kitanda. Saa tisa na dakika ishirini vidole viligonga tena, na sasa viligonga mlango wa mbao wa nyumba yao, na pamoja na sauti ikaingia harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi, wenye maji, ingawa mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima, na mama akainuka na uso wa furaha ambao Kevina hakuweza kuutazama, akasema karibu, akaweka sahani ya pili mezani, na ya kwake akaisukuma kando.

"Mama, kula."

"Namngoja ndugu yako."

Jumatano Kevina alikwenda sokoni Koboko kwa Kaltumu, mama wa Kinubi aliyeuza ubani na ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini.

"Sisi ni Wakristo," Kevina alianza, kwa aibu, kisha akasimulia habari ya sauti ya marehemu kaka yake.

"Majini hapana uliza dini. Nani iliitika?"

"Mimi na mama."

"Mara ngapi?"

Kevina alifungua daftari. "Thelathini na nane. Nne zangu."

Kaltumu alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye. "Eh! Wewe iko naandikia shetani rejista kama mwalimu?" Halafu uso ukabadilika, akashusha sauti. "Sikia, binti yangu. Jini hapana ingia nyumba ya mutu bila karibu. Alikuwa anapita. Akasikia sauti ya marehemu inabisha, akasikia nyinyi mnaitika. Akaichukua sauti, akaingia nayo."

"Tufanye nini?"

"Kesho, kutoka alfajiri mpaka jua nazama, kaeni ndani. Kama inabisha, hapana jibu. Hata mara moja. Mkijibu, mama yako atamfuata marehemu mwezi huu. Na sauti ya huyo kijana, kwa mashine, kwa simu, toa yote."

"Yote?"

"Yote. Iko najifunza kwa hiyo."

Jioni ile Kevina alifuta jumbe za sauti za Alionzi katika simu yake, mia mbili na kumi na sita. Mama alimpa na simu yake, kisha akageukia ukuta.

Alhamisi walifunga mlango na kuketi kwenye mkeka, mabega yakigusana. Hodi ya kwanza ilikuja kabla ya chai. Mama aliingiza pembe ya kitenge mdomoni, akauma. Kufikia adhuhuri Kevina alikuwa ameacha kuhesabu.

"Mama, jua ni kali. Mama, ni mimi. Mmenifungia kwa nini?"

Machozi yalimshuka mama mpaka kidevuni, lakini hakutoa sauti. Jioni, jua likiwa limebakiza upana wa kiganja, sauti ikamwacha mama, ikasogea mpaka kwenye ufa wa mlango, ikanong'ona.

"Kevina. Si ni wewe ulinituma?"

Tarehe 4 Machi wino wa printa uliisha, na safari ya Arua ilikuwa zamu ya Kevina. Alisema kichwa kinamuuma, na hakikuwa kinamuuma, akamtuma Alionzi, na lori lililokwenda Oraba, mpakani, likamgonga njiani akirudi juu ya boda, na kwenye matanga yote, kwa kila aliyeuliza, kwa padri, kwa mama huyu aliyeketi kando yake, alisema Alionzi alijiamulia kwenda mwenyewe, na sasa kitu kilichokuwa mlangoni kilijua, kikasema tena, polepole, kwa sauti ya kaka ambaye hakuwahi kumkasirikia, na kifua cha Kevina kikajaa neno moja, nisamehe, likapanda, likafika kwenye meno.

Kiganja cha mama kiliufunika mdomo wake. Kilikuwa kikavu, kigumu kwa jembe, na kilibana mpaka midomo ikauma. Walikaa hivyo mpaka ufa wa mlango ukawa mweusi na harufu ya udongo ikapungua, ikaisha.

Ndipo mama akaondoa mkono.

"Mimi nilijua," alisema. "Alinipigia simu kutoka stendi ya Arua. Akasema, Kevina iko najifanya mgonjwa, nitamletea chapati."

Kevina alilaza kichwa begani kwake.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, mtu aligonga. "Hodi!" Ilikuwa sauti ya jirani yao Medina, au iliyofanana na yake. Mama alimshika Kevina mkono. "Hodi! Jamani, mumelala mpaka sasa?"

Kevina alitoka kwa mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba akiambaa ukuta, akamkuta Medina kwa mgongo, ameshika bakuli la maharage. Alimtazama miguu: ilikuwa ya mtu. Alimgusa bega, lilikuwa na joto.

"We! Umenitisha," Medina alisema. "Hunikaribishi?"

Kevina alifungua kinywa, akakifunga. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akaleta mkeka kutoka nyuma, akautandika hapo nje.