Kisu Chenye Taa

Siku ya Nzioka ilianza na punda. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, alitoka nje kumkagua Kithito, akiinua kwato moja baada ya nyingine kutafuta miiba. Binti yake Ndinda alimfuata akiwa amebeba mitungi mitupu. Ndinda alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na siku ambazo hapakuwa na shule alikwenda na baba yake kuteka maji kwenye mto wa mchanga ulio chini ya kijiji chao, nje ya mji wa Mutomo. Mto huo haukuwa na maji ya kuonekana. Watu walifukua visima mchangani hadi maji yakajikusanya chini, wakayachota kwa kata, kisha wakangoja yajae tena.

Nzioka aliyauza maji hayo mjini, kwa akina mama wenye vibanda vya chakula na kwenye nyumba zisizo na mabomba. Kithito, punda jike wa rangi ya majivu, ndiye aliyewalisha na kuwavisha. Maana ya jina lake kwa Kikamba ni bidii, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hakulistahili.

Kazi ile haifanyiki bila kisu. Nzioka alikihitaji kukata kamba, kutoa miiba kwatoni, kuchonga vizibo vya mitungi iliyovuja. Kisu chake cha zamani kilikuwa kimemponyoka kisimani na kufunikwa na mchanga. Tangu siku hiyo alikuwa akiazima cha Musembi, mteka maji mwenzake, huku akiweka akiba kidogo kidogo kwa Mzee Khalid, mwenye duka la vifaa vya chuma karibu na soko. Khalid alikuwa Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo Mutomo, na Kikamba chake hakikuwa na kasoro.

Jumamosi moja akiba ilitimia. Nzioka alikuwa akimimina maji kwenye pipa la kibanda kimoja alipomgeukia binti yake.

"Mwaitu," alisema. Alimwita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa Ndinda alirithi jina la mama yake Nzioka. "Nenda kwa Khalid ukachukue kisu chetu. Kile cha mpini wa mti. Nimeshamlipa."

Mzee Khalid alikitoa chini ya meza, akampa Ndinda. Kilikuwa kisu cha kukunja, kizito kidogo, mpini wake wa mti wa kahawia usio na pambo lolote.

"Kikunjue," alisema. "Umesikia hiyo sauti? Hicho ni kichuma kinacholishika bapa lisijikunje mtu anapokata. Sasa litikise. Unaona, halichezi. Na hili bapa litapata kutu ukiliacha na maji, lakini ukilipaka mafuta na kulinoa kwenye jiwe litamfaa baba yako mpaka uolewe."

Ndinda hakuwa akisikiliza vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku la kioo. Mle ndani mlikuwa na kisu kingine cha kukunja, chenye mpini wa buluu unaong'aa, na kwenye kitako chake taa ndogo ya kubonyeza. Aliwaza jinsi walivyotoka nyumbani alfajiri gizani, baba yake akipapasa kamba kwa vidole. Aliwaza pia kwamba kisu kama kile baba angemruhusu akishike, angalau kwa ajili ya taa.

"Na kile ni bei gani, Mzee Khalid?"

"Bei ni ileile. Lakini kile si cha kazi. Hakina kichuma cha kukizuia. Ni cha mtu aliyekaa kitako akimenya chungwa."

"Baba amesema nichague mwenyewe."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Mzee Khalid alimtazama, akashika simu yake. "Ngoja nimuulize."

"Simu yake haina chaji," Ndinda alisema haraka.

Mzee Khalid alisita. Kisha alikitoa kile cha buluu, akakifunga kwenye karatasi. "Haya. Lakini mwambie hivi: kisipomfaa akirudishe, hata mwezi ujao. Nitambadilishia bila neno."

Nzioka alikifungua kile kifurushi, akakitoa kisu. Alikipima mkononi. "Hiki sicho, Mwaitu."

"Mzee Khalid amesema vile vya mti vimekwisha," Ndinda alijibu, akitazama chini. Habari ya kurudisha hakuitaja.

Baba yake alibonyeza taa, ikawaka mchana kweupe, akatabasamu ili kumpendeza mtoto. "Basi. Tutakizoea."

Kwa muda kisu kile kilifanya kazi ndogondogo. Kisha bapa likaanza kulegea. Nzioka alilikaza kwa kupiga nyundo ule msumari mdogo ulioliunganisha na mpini, nalo likalegea tena. Kila alipokaa chini na nyundo, Ndinda alijisemea kwamba leo atasema. Lakini kila siku iliyopita iliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kutoka. Atakasirika kwamba nilidanganya, aliwaza, na tena atakasirika kwamba nimekaa kimya.

Likizo ya Agosti ikafika. Mvua ilikuwa imekataa na visima vya mchangani vilikuwa virefu, ukingo wa mto umekatika wima kwa kukanyagwa na mifugo. Asubuhi moja Kithito alikuwa akipanda ukingo huo na mitungi minne iliyojaa. Udongo ulimeguka chini ya miguu yake ya nyuma. Akateleza, akaanguka ubavu, na mzigo wote ukamzunguka na kuning'inia upande wa chini. Kamba ya nailoni iliyoshika mitungi ikapanda hadi shingoni, ikakaza.

Nzioka aliruka chini, akaitia mabega mitungi, haikusogea. Fundo lilikuwa limekaza kama jiwe. Akatoa kisu, akalitia bapa chini ya kamba, akavuta kwa nguvu zake zote. Bapa likajikunja ghafla likarudi juu ya vidole vyake. Ndinda aliona damu kabla ya kusikia sauti ya baba yake. Nzioka alijaribu tena kwa mkono uleule, ukitiririka damu. Msumari ukachomoka, bapa likaanguka mchangani, akabaki ameshika mpini na ile taa.

"Kimbia kwa Musembi," alisema. "Mwambie alete panga."

Ndinda alikimbia mchangani, miguu ikizama kila hatua. Musembi alikuwa kisimani kwake, mbali kidogo, na alipoona uso wa yule mtoto na kusikia neno panga, aliitupa kata yake. Aliteremka mbio na panga, akaikata kamba kwa pigo moja. Mitungi ikabiringika, maji yakamwagika na kunywewa na mchanga papo hapo. Kithito hakuinuka. Nzioka alikuwa amepiga magoti, kichwa cha punda kikiwa mapajani mwake, akimfuta mchanga kwenye jicho ambalo halikupepesa tena.

"Amekwenda, ndugu yangu," Musembi alisema taratibu. "Twende tuutazame huo mkono."

Kwenye zahanati nesi aliuosha mkono, akaushona, akamdunga Nzioka sindano ya kumkinga na pepopunda. "Kidonda chochote cha chuma na udongo usikae nacho nyumbani," alimwambia. "Umefanya vyema kuja mara moja." Lakini alisema pia kwamba kano ya kidole cha shahada ilikuwa imekatika, na kwamba huenda kidole hicho kisikunjike tena.

Alasiri Musembi na wateka maji wengine walichimba shimo karibu na ukingo, wakamfukia Kithito. Nzioka alisimama kando, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Ndinda alikuwa hajawahi kumwona baba yake akilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu, naye hakuyafuta, maana mkono wa kufutia ulikuwa mgonjwa na ule mwingine ulikuwa umeshika hatamu isiyo na punda.

Habari zikaenea visimani. Watu walipouliza, Nzioka alieleza alivyoambiwa: kwamba alimlipa Khalid kwa kisu cha kazi, naye akampa mtoto kitu cha kuchezea akidai vingine vimekwisha. Watu wakachukia. Musembi akasema hatanunua tena hata msumari katika duka lile. Wengine wakamuunga mkono, na mwanamke mmoja akaongeza maneno mabaya kuhusu watu wa dini ya Khalid, maneno ambayo Nzioka mwenyewe hakuyapenda. Ndinda alichota maji akiwa ameinama, akajihisi kana kwamba kisima kile kinamvuta chini.

Siku chache baadaye Mzee Khalid alikuja nyumbani kwao kwa miguu, amebeba unga na sukari. Mama yake Ndinda, Wavinya, alimkaribisha kiti kwa sauti baridi. Ndinda alikuwa mlangoni akipepeta pojo. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Pole sana, Nzioka," Mzee Khalid alisema. "Nimesikia nikashindwa kukaa."

Nzioka hakumtazama. "Khalid, kazi yangu unaijua. Miaka yote unaniona na punda. Ungeniambia mimi mwenyewe kwamba vile vya mti vimekwisha, ningengoja. Kwa nini ulimpa mwanangu takataka ile?"

Mzee Khalid aligeuza kichwa polepole. Macho yake yakakutana na ya Ndinda. Alimtazama kitambo, na Ndinda akajua kwamba ameelewa kila kitu: uongo wa dukani na uongo wa baada ya hapo. Akangoja kusikia jina lake likitajwa.

Mzee Khalid aligeuka tena kwa Nzioka. "Aliyeuza ni mimi," alisema. "Kitu kilitoka mkononi mwangu, nami nilijua hakikufaa. Ningeweza kukataa, sikukataa. Nisamehe, ndugu yangu."

Akainuka, akaweka unga na sukari mezani, akaaga. Alikuwa ameshavuka kizingiti Ndinda alipoangusha ungo.

"Si yeye, Baba."

Wote wakageuka.

"Si yeye. Alinipa kile cha mti. Alinionyesha jinsi ya kukijaribu. Mimi ndiye niliyetaka chenye taa. Nilimdanganya kwamba umesema nichague, nikakudanganya wewe kwamba vimekwisha. Na alisema kisipokufaa ukirudishe, atakubadilishia. Sikukwambia."

Pojo zilikuwa zimetapakaa sakafuni na kuku wakaanza kuzidonoa, na hakuna aliyewafukuza. Mama yake aliziba mdomo kwa leso. Ndinda alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani. Lakini baba yake alipita pembeni yake kama mtu asiyemwona, akatoka nje hadi pale aliposimama Mzee Khalid.

"Nimekutukana mbele ya watu," alisema.

"Hukujua."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza."

"Nilimwona mtoto," Mzee Khalid alijibu. "Nikasema, mzigo alionao unamtosha. Mimi ni mtu mzima, ninaweza kuubeba nusu."

Nzioka alimpa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuweza, na Mzee Khalid akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Kesho yake Nzioka alimpeleka Ndinda visimani. Hakumsemea. Alimwambia tu, "Uongo umefika hapa, na ukweli nao ufike." Ndinda akaenda kisima hadi kisima, akawaeleza watu wote, Musembi kwanza. Wengine walimwonea huruma, wengine waliguna na kumgeuzia mgongo. Yule mwanamke aliyesema maneno mabaya aliinamia kata yake, akaendelea kuchota. Jioni Musembi alionekana dukani kwa Mzee Khalid akinunua kamba, wakizungumza kama zamani.

Maisha hayakurudi yalivyokuwa. Punda hanunuliwi kwa majuto. Musembi aliwaazima punda wake siku mbili kwa wiki, na siku nyingine walitumia mkokoteni ambao Mzee Khalid aliwaachia mpaka wajikimu. Kile kisu cha mti bado kilikuwa chini ya meza yake. Siku walipokwenda dukani kuuchukua mkokoteni, Mzee Khalid alikitoa, akamwambia Nzioka kwamba alishakilipia zamani. Nzioka alikipokea kwa mkono wa kushoto, akampa Ndinda. Ndinda alikikunjua, akasikiliza kichuma kikiingia mahali pake. Alilitikisa bapa, halikucheza. Akakikunja, akamrudishia baba yake.

Njiani kurudi na mkokoteni, kwenye kilima, walisimama kupumzika. Tangu siku ile ya pojo Nzioka alikuwa amezungumza naye maneno ya lazima tu.

"Mwaitu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tena. "Nataka unielewe. Kuchagua kisu kibaya si kosa kubwa. Wewe ni mtoto, uliona kitu kinang'aa. Hata mimi nilipokishika nilijua hakifai, nikanyamaza kwa kuogopa kukuvunja moyo, na hilo ni langu. Kitu cha kazi huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa sura yake. Hilo umelijua sasa. Lakini kisu kibaya hurudishwa dukani, na Khalid alituachia mlango wazi. Siku yoyote ungesema neno moja, Kithito angekuwa hai. Uongo ndio uliotufungia mlango ule. Ukikosea, sema mapema, wakati bado pana kitu cha kuokoa."

"Nimesikia, Baba," Ndinda alisema. Alitaka kusema mengi zaidi lakini machozi yalimtangulia.

Nzioka alimfuta machozi kwa mgongo wa mkono ule wenye bandeji, kile kidole kikiwa kimenyooka. Kisha akaushika mkokoteni upande mmoja, Ndinda akashika upande wa pili, ule ambao mkono wa baba yake haukuweza tena kuushika, wakaanza kusukuma.