Vipimo vya Wauguzi Sitini

Asubuhi ile fundi cherehani alipiga pasi kola tatu, kisha akawasha kompyuta. Alitaka vipimo vya wauguzi. Hospitali ilikuwa imempa kazi ya sare sitini, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na zilitakiwa baada ya wiki mbili. Badala ya vipimo akaona maandishi mekundu: mafaili yamefungwa, tuma pesa yafunguliwe.

Akaita kwa sauti:

"Baba Pacha! Njoo uone!"

Mumewe akaja na mkasi mkononi. Yeye ndiye mkata vitambaa. Majirani humwita Mzee wa Risiti, maana hajawahi kutupa risiti ya kodi hata moja.

"Jana ulifungua nini?"

"Barua pepe ya bei mpya, kutoka kwa muuza vitambaa wetu."

Wakampigia simu muuza vitambaa. Hakuwa ametuma kitu. Wezi walikuwa wameingia kwenye barua pepe yake.

Mchana, baada ya wao kuomba msaada, akaja mtaalamu wa usalama wa mitandao, mama mwenye miwani, kutoka ofisi ya serikali inayosaidia biashara ndogo.

"Msiwatumie pesa," alisema. "Mnaweza kulipa na wasifungue. Mna nakala mahali pengine?"

Fundi akatikisa kichwa. Daftari alimoandika vipimo mara ya kwanza alikuwa amelichanachana, karatasi zake akazifanya patani, vielelezo vya kukatia mifuko.

"Basi siwezi kuvirudisha, dada. Sitaki kukudanganya."

Fundi akalia, wala hakuona haya.

Mtaalamu alimsubiri anyamaze, kisha akamfundisha polepole. Kila jioni aweke nakala kwenye flashi, halafu aichomoe, wezi wasiifikie. Na kabla ya kufungua faili asilolitarajia, ampigie simu aliyelituma.

"Tukulipe nini?" fundi aliuliza.

"Ni bure."

Mzee wa Risiti akaguna. "Bure? Mama, wanaolipa ni sisi! Kwa nini kodi ya muuza mboga imsaidie mke wangu aliyefungua barua ya wezi?"

"Gharama ipo, sikatai. Wapo wanaosema ofisi yetu ifungwe, pesa ziende kwenye dawa. Lakini hebu tazama hapa."

Wezi walikuwa wameituma barua ileile hospitali, kutoka kompyuta ya fundi.

"Karani wa hospitali aliishtukia. Angeifungua, mafaili ya wagonjwa yangefungwa, na la muuza mboga likiwemo."

Mzee wa Risiti akainama kuisoma. Alikuwa akidhani hasara imeishia mlangoni kwao.

Kesho yake fundi alikwenda hospitali na utepe wake, akawapima wauguzi wote upya, akimwomba radhi kila mmoja. Sare zilichelewa siku tatu. Hospitali ilinuna, lakini ilizipokea.

Miezi miwili baadaye ikaja barua nyingine yenye "bei mpya". Fundi akapiga simu kwanza. Ilikuwa ya uongo, akaifuta. Flashi yenye nakala ya vipimo ilikuwa salama ndani ya kopo la vifungo.

Alipogeuka, alimwona mumewe anavaa koti.

"Unakwenda wapi na kazi imejaa?"

"Kwa muuza vitambaa. Halafu kwa kinyozi. Nikawaonyeshe mambo ya flashi."

"Makubwa! Serikali imekuajiri lini?"

"Safari ya yule mama kuja hapa niliilipia," alisema Mzee wa Risiti akifunga vifungo. "Sitaki kulipia nyingine kwa jambo ninaloweza kulifundisha mwenyewe."