Sindano za Mapendo

Siku Melania alipomwandikisha Anatoli ukimbizi, bandari ya Kigoma haikuwa na pa kuweka mguu. Meli ilikuwa imetoka Kagunga na Warundi, imejaa hadi kwenye ngazi, na wote walitaka kushuka kwa pamoja: akina mama na masufuria kichwani, wazee na magodoro, watoto waliofungwa kitenge kiunoni wasipotee. Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tano ilikuwa hivyo wiki nenda, wiki rudi. Melania, binti wa kijiji cha Mwandiga, alikuwa amepata kibarua cha ukalimani kwa sababu Kiha chake na Kirundi chao ni ndugu. Alisimama na daftari lake, kizibao cha buluu juu ya gauni la kitenge, nywele kasuka twende kilioni, sauti imekauka kwa kuuliza yale yale.

Mbele yake akatokea kijana mrefu, mwembamba, godoro begani na mtoto mkononi.

"Witwa nde? Uva he?" Melania aliuliza bila kuinua macho. Jina lako nani, unatoka wapi.

"Anatoli. Ujiji."

Akaandika Anatoli. Alipofika kwenye Ujiji, kalamu ikasimama.

"Ujiji ipi?"

"Kwani kuna nyingine? Mimi mbeba mizigo, dada. Mtoto ni wa yule mama pale. Ila kama mnagawa chakula, niache humo humo kwenye daftari."

Melania alicheka hadi akajishika kiuno. Ndipo akamtazama vizuri. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, lakini kijana alivaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo vya mikono. Akamwona mtanashati. Msichana akishampenda mtu, hata jasho lake huliona la heshima.

Kesho yake simu ya Melania ikaita.

"Halo, afande."

"Nani mwenzangu?"

"Mkimbizi wako wa Ujiji. Godoro sijapata mpaka leo."

"Namba yangu umeitoa wapi wewe?"

"Kwa mwenzako Honorata. Nimempa muwa mmoja."

"Honorata kaniuza kwa muwa!"

"Alitaka miwili, nikakaza."

Basi ndivyo yalivyoanza. Jioni walikula samaki, migebuka ya kukaanga, huko Kibirizi, Anatoli akimtolea miiba, binti akijifanya hajui kuitoa. Anatoli alimwambia kwamba aliishi Dar miaka minane, akaugua, na sasa mwaka mzima amepona.

"Ugonjwa gani?"

"Wa kujitakia."

Melania alidhani ni pombe, akaacha. Mama yake alikuwa ameshakubali kuwapokea wazee wa kijana huyo, na mtu hapekui sana furaha yake mwenyewe.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja, chumbani kwa Melania, Anatoli alitoka kunawa mikono. Simu yake ikalia kitandani, ujumbe ukajitokeza kwenye kioo: *Zimeisha. Njoo leo, usinitupe. Mapendo.* Melania akafungua mkoba wa Anatoli. Ndani, zimefungwa kwa gazeti, zilikuwamo sindano mpya kumi na mabomba yake.

"Nani Mapendo?" alimpokea mlangoni.

"Nitakueleza."

"Kunja shati."

"Melania…"

"Kunja shati, Anatoli!"

Akakunja. Mishipa yote ya mkono ilikuwa makovu meusi, mengine yamevimba kama punje za mahindi.

"Ni ya zamani. Nilijidunga unga, nimeacha. Naapa."

"Na hizi mpya?"

"Si zangu."

"Za Mapendo?"

"Ndiyo."

"Kumbe mnadungana wawili! Mimi huku mama anakupikia kuku!"

Anatoli alifungua mdomo aseme ukweli, lakini aibu ikamzuia. Kilichotoka ndicho kibaya kuliko vyote. "Nirudishie tu sindano, tafadhali. Ananisubiri."

Melania alitoka mbio hadi chooni akazitumbukiza zote. "Haya, nenda ukamwambie Mapendo wako akazifuate humo!"

Siku nne Anatoli alipiga simu, na siku nne Melania aliitazama ikiita huku akilia. Ya tano haikuita.

Siku hiyo ya tano, saa nane mchana, mwanamke mmoja alimjia bandarini. Alijifunika khanga mbili kwenye joto lile, mkono mmoja umevimba, mashavu yameingia ndani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ungemkadiria arobaini.

"Shikamoo, wifi. Mimi Mapendo."

"Unathubutu kuja hapa!"

"Mdogo wake Anatoli. Tumbo moja."

Melania alikaa chini juu ya gunia la mtu.

"Mbona hakusema?"

"Angesema nini? Yeye ndiye aliyenichoma sindano mara ya kwanza, Manzese kule Dar, nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa saba chumba kimoja. Wawili walizima, wakafa sindano ikiwa bado mkononi. Mmoja ini. Gasper alikuwa na virusi, akaficha, akakataa vidonge mpaka akaisha. Mwingine jipu la kinena, likaoza. Tumebaki sisi. Kaka alipoacha alinirudisha nyumbani, akaniambia, kama bado huwezi kuacha, basi usichome na sindano ya mtu. Zile ulizotupa ndizo hizo."

"Na sasa unatumia nini?"

"Ile moja ya zamani. Mimi na wenzangu wawili. Duka la dawa nikienda wananifukuza kama mwizi." Akavuta khanga. "Lakini sikuja kwa ajili hiyo. Kaka kalala siku ya tano hii, anatazama ukuta. Hali chakula. Njoo umwone, wifi."

Melania alisema wapitie kwanza duka la dawa, wakapanda hadi mjini. Mapendo alibaki ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mwenye duka la dawa alimjua. Melania aliingia na kizibao chake, akaomba sindano kumi. Mwenye duka alizifunga vizuri, akamuuliza kwa upole kama kipindupindu cha wakimbizi kimepungua. Hakumuuliza kingine. Melania akatoka, akapiga simu papo hapo kwenye ngazi.

Iliita muda mrefu. Kisha ikapokewa.

"Afande…" Sauti ilikuwa chini, laini, kama ya mtu aliye mbali.

"Anatoli, nisamehe. Nipo na Mapendo. Najua yote."

"Yote?"

"Yote. Mbona ulininyima? Tungebeba wote."

"Nilidhani utakimbia."

"Na kweli nikakimbia, mjinga mimi. Nimerudi. Nimemnunulia nyingine kumi."

Alicheka polepole. "Ungekuwa mke mzuri, wewe."

"Ungekuwa? Hebu sema vizuri."

"Nikuoe, Melania?"

Watu walipita na mikungu ya ndizi, bodaboda wakapiga honi, na Melania akaziba sikio moja asipoteze hata neno. "Sema tena."

"Nikuoe?"

"Nioe! Jumamosi walete wazee Mwandiga, na wawahi. Mama hapendi wachelewaji."

"Sawa… Nina usingizi, mpenzi. Usingizi mtamu."

Siku tano bila kula wala kulala, alifikiri, maskini mpenzi wangu. Moyo ulimjaa huruma. "Lala basi. Nakuja. Nitakuamsha mwenyewe."

"Haya," alisema Anatoli, naye akatii.

Melania alivuka barabara akicheka na kulia. "Wifi, amenisamehe! Amenichumbia kwenye simu! Yuko hoi kwa usingizi, nimemwambia alale."

Mapendo alimkodolea macho. "Usingizi? Alikuwa anaburuta maneno?"

"Amechoka tu…"

"Kete zangu za unga! Asubuhi niliziacha mbili na ile sindano chini ya godoro lake!" Alijipiga kichwani kwa mikono yote miwili. "Mpigie! Asilale, mwambie asimame, atembee! Mwaka mzima hajachoma, mwili umeshasahau, na yeye atakuwa amepima kama zamani!"

Simu iliita. Walikodi bajaji, ikaita njia nzima hadi Ujiji, na kila ilipokatika Melania alipiga tena. Aliisikia kwa masikio mawili alipofika kwenye uchochoro: mkononi mwake, na ndani ya chumba.

Anatoli alilala chali, shati limekunjwa vizuri mpaka kwenye kiwiko, midomo imekuwa ya buluu. Ile sindano ya watu watatu ilikuwa pembeni. Majirani wakajaa. Mmoja akaleta maziwa, mwingine ndoo ya maji, wa tatu akanong'ona kwamba wasimpeleke hospitali, polisi watawazoa wote. Melania aliwatukana kwa Kiha na kwa Kiswahili, akamshika kwapani, dereva wa bajaji akamshika miguu. Njiani alimpiga makofi ya mashavu, akamwita kila jina la mapenzi walilowahi kuitana. Alimpulizia pumzi mdomoni. Pumzi ilitoka ilivyoingia.

Hospitalini daktari alijitahidi dakika ishirini.

Kwenye benchi la nje Mapendo alitetemeka, jasho likimtoka, kwani saa yake ya kuchoma ilikuwa imepita. Hakuweza hata kumlilia kaka yake sawasawa. Alimtazama Melania kwa aibu, akanyoosha mkono. Melania akamkabidhi kile kifurushi.

"Usichome na ya mtu," alimwambia.

Muuguzi mtu mzima alitoka na fomu, akaketi kando yake. Alisema huyu ni wa nne tangu mwaka uanze, na hao ni wale wanaoletwa. Kisha akauliza marehemu alikuwa nani wake.

"Mchumba wangu."

"Pole sana, mwanangu. Mlichumbiana lini?"

Melania alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

"Leo," alisema. "Saa tisa."