Pumzi za Lewis

Nyanchoka alikuwa na wajukuu sita, na kila mmoja aliamini kuwa yeye ndiye anayependwa zaidi. Lewis alipozaliwa, watano walijua wamedanganywa. Lewis alikuwa na miezi minane. Mama yake, Kemuma, akienda kuchuma majani ya chai, mtoto alibaki mgongoni mwa bibi yake. Bibi alimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, na Lewis alizipenda.

Siku moja redio ilitangaza kwamba wataalamu wametambua virusi vipya. Vinaenea kwa hewa, na vinashambulia vifua vya watoto wadogo.

Nyanchoka alizima redio. "Kwangu havitaingia," alisema.

Alimhamishia Lewis katika nyumba ya jikoni, ile ya udongo, kwa kuwa ina joto. Aliziba dirisha kwa gunia. Nyufa aliziba kwa majani makavu ya migomba. Moto wa kuni uliwaka kutwa.

"Mama, si moshi utamsumbua?" Kemuma aliuliza.

"Kama vinakuja na hewa, basi hewa isiingie."

Kemuma alijua kuwa zamani mama mkwe wake alimzika mtoto wake wa kwanza, Manasseh, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Nani angembishia?

Lakini mlango haukuzibwa. Siku ya Sabato, baada ya ibada, waumini walikuja kumwombea mtoto. Walipokezana Lewis mkono kwa mkono. Mzee Onchiri alikohoa, akajifuta pua kwa kiganja, kisha akambariki mtoto kwa kiganja hicho hicho.

Jumatano Lewis alianza kutoka kamasi. Ijumaa asubuhi alikataa kunyonya. Kemuma aliogopa, akampigia simu jirani yao Celestine, mhudumu wa afya wa kijiji.

Celestine aliingia jikoni na kutoka akikohoa. Alimwita Nyanchoka Magokoro, yaani bibi.

"Magokoro, huyu ni mtoto au ni mahindi unakausha? Mlete hapa nje!"

"Nje kuna virusi!" Nyanchoka alijibu.

"Virusi vinatoka kwa watu, Magokoro. Mtu mgonjwa akikohoa, vinaruka. Akijifuta pua na kumshika mtoto, vinahamia kwa mtoto. Umezibia upepo, ukawafungulia wenye mafua. Na huo moshi unaumiza mapafu yake."

"Lakini redio ilisema ni vipya."

"Vimetambuliwa juzi. Pengine vimekuwa hapa miaka mingi. Ni kama mtu unayemwona kila siku ya soko pale Ogembo, na leo ndiyo umeambiwa jina lake. Jina jipya lisikutishe. Tuangalie mtoto anavyopumua."

Walikaa nje, chini ya paa la baraza. Celestine alifungua shati la Lewis. Alitazama saa yake, akahesabu kifua kikipanda kwa dakika moja nzima.

"Sitini na mbili," alisema polepole. "Mtoto wa umri huu akifika hamsini, anapumua haraka mno. Na tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi, panabonyea ndani. Tena hanyonyi. Aende hospitali sasa hivi."

Nyanchoka alitoa chupa ya dawa mfukoni. "Tumpe hii kwanza. Ilimsaidia mtoto wa jirani Ombati."

"Hiyo alipewa yule kwa ugonjwa wake. Ni dawa ya bakteria, haiui virusi. Daktari ataamua. Nendeni."

Geoffrey, baba yake Lewis, alileta pikipiki. Kemuma alipanda na mtoto kifuani. Nyanchoka alibaki barabarani, ameshika chupa, machozi yakimtoka.

"Nimemuua na huyu," alisema.

Celestine alimkumbatia. "Hujamuua. Umempenda bila kuambiwa namna. Sasa umeambiwa."

Hospitalini Kenyenya Lewis aliwekewa oksijeni kwa vimirija vidogo puani. Alilishwa kidogo kidogo. Siku ya tatu alinyonya mwenyewe, akamng'ata mama yake. Kemuma alilia kwa furaha.

Waliporudi nyumbani, jikoni palikuwa na dirisha jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nyanchoka alikuwa amemsimamia fundi mwenyewe. Lewis alilala tena nyumba kubwa, mbali na moshi. Mlangoni palikuwa na dumu la maji na sabuni.

Sabato iliyofuata waumini walikuja tena. Mzee Onchiri bado alikuwa na kikohozi.

"Wewe omba ukiwa hapo kwa migomba," Nyanchoka alimwambia. "Mungu anasikia hata kutoka hapo."

Mzee Onchiri alicheka hadi akakohoa zaidi, akaomba akiwa pale pale. Wengine walinawa mikono, wakamtazama mtoto bila kumbusu.

Wageni walipoondoka, Lewis alilala. Nyanchoka aliazima saa ya Celestine, akafungua shati la mtoto na kuanza kuhesabu kwa midomo tu.

"Thelathini na nne," alisema.

"Mama, huyu amepona," Kemuma alimwambia. "Mbona unahesabu?"

Nyanchoka hakuondoa macho kwenye kile kifua kidogo.

"Manasseh hakuna aliyenifundisha kumhesabia," alisema. "Niache, mwanangu." Kisha akaanza upya, moja, mbili, tatu.