Nati Nane za Pikipiki ya Senge

Kila siku nikitoka shuleni, mimi hupitia gereji ya Fundi Pranlal kabla ya kufika kwetu mtaa wa Jamhuri. Mama anajua, kwa hiyo msianze kunisengenya. Hapo ndipo ninapomngoja shangazi yangu Everlyn atoke kazini Hurlingham, kwenye kliniki ya macho. Nyumbani tunamwita Senge, kama Wabukusu wote wanavyowaita shangazi zao. Wenzangu wa Gredi ya Saba wanapenda mpira. Mimi, Namalwa, napenda pikipiki, tena zile ndefu za safari za mbali, zenye matairi ya meno makubwa.

Mwezi ule Senge alikuwa akichagua yake. Alikuwa ameahidiana na wenzake watano kwenda Ziwa Turkana, na njia ya huko ni mawe matupu. Gerejini zilikuwapo mbili: moja kubwa, nyeusi, ya kutisha, nyingine ya kijani, nyembamba.

"Hii nyeusi!" nilipiga kelele. "Senge, ukipita nayo Kilimani kila mtu atageuka!"

Fundi Pranlal, mzee mwenye masharubu meupe aliyeanza kutengeneza pikipiki kabla baba yangu hajazaliwa, alicheka tu. Akatandika magunia sakafuni, akazilaza pikipiki zote mbili juu yake.

"Mimi siulizi mtu anapenda ipi," alisema. "Wewe inua. Kule jangwani ikianguka, mimi sitakuwepo."

Senge akavua koti. Ile nyeusi ilimtoa jasho bure, haikutikisika. Akaiendea ya kijani, akaipa mgongo, akashika usukani, akasukuma kwa miguu. Lo! Ikasimama wima! Nilirukaruka hadi begi langu likafunguka na vitabu vikamwagika.

"Basi, imekuchagua," Fundi akasema.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa raha tupu. Leo bamba la chuma chini ya injini, kesho vyuma vya kuilinda ubavuni, keshokutwa vikinga mikono. Kiti nacho kilishushwa ili miguu ya Senge ifike chini vizuri. Ijumaa ya mwisho ilibaki fremu ya nyuma tu, ile ya kubebea masanduku mawili ya alumini.

"Hii ni kazi ya Namalwa," Fundi akasema.

Mimi! Alinipa ile spana yake inayolia "tak!" nati ikishakazwa vya kutosha. Sheria ya gereji niliijua: unakaza nati moja, unaisikia ikilia tak, ndipo unaipaka doa jekundu la rangi ya kucha. Doa maana yake nati imekazwa. Fundi akiliona, hairudii nati hiyo.

Nati zilikuwa nane. Ya kwanza, tak, doa. Ya pili, tak, doa. Lakini kufungua na kufunga kile kichupa kila mara kulinichosha, na mimi subira sina. Nikajiona mjanja. Nikazipaka zote sita zilizobaki kwa mpigo, ili nizikaze mfululizo. Nikakaza ya tatu, ya nne, ya tano.

"Namalwa! Helmeti yangu mpya imefika, njoo uone!" Senge akaita kutoka nje.

Niliitupa spana, nikatoka mbio. Niliporudi, Fundi alikuwa ameinama akitazama madoa.

"Nane. Safi sana, binti," alisema, akayafunga masanduku mahali pake.

Nilitabasamu. Kusema kweli, nilikuwa nimesahau kabisa.

Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye kituo cha mafuta, Barabara ya Ngong. Pikipiki sita zilikuwa zimepangwa mstari, zinang'aa. Senge akanishika bega mbele ya wenzake.

"Fremu hii imefungwa na binti wa kaka yangu," alisema kwa majivuno.

"Kweli? Zilikuwa nati ngapi?" akauliza Jackton, kiongozi wa msafara.

"Nane," nikajibu. Nikakumbuka ile milio ya tak. Nilikuwa nimesikia mitano tu.

Nikayaona masanduku yale mazito yakiruka juu ya mawe, fremu ikilegea, ikiingia kwenye gurudumu la nyuma, Senge akirushwa. Lakini nikisema, si watanicheka wote? Na Fundi atanipa tena spana yake lini? Senge akavaa glavu. Injini ikawaka.

"Zima, Senge! Zima!" nilipaza sauti. "Nati tatu sikuzikaza! Nilipaka rangi tu!"

Jackton akatazama saa. "Haya ndiyo mambo ya kumpa mtoto kazi," alinung'unika.

Senge alizima injini, akampigia simu Fundi Pranlal. Baada ya robo saa mzee akafika na spana yake. Akashusha masanduku, akaigusa nati ya sita kwa kidole. Ikazunguka. Ya saba ikazunguka. Ya nane pia. Machozi yalinitoka.

"Doa hili si urembo, binti," Fundi alisema taratibu. "Jana mimi nimeona doa, nikakuamini, nikaacha. Senge wako naye alitaka kupanda kwa sababu ya doa lako. Ukisema kazi imekwisha na bado haijaisha, anayeumia ni yule aliyekuamini."

"Samahani, Fundi. Samahani, Senge."

"Kuharakisha ni kosa, na hata mimi nimewahi kulifanya," akaendelea. "Lakini umelisema mbele ya watu wote hawa, pikipiki kabla haijaondoka. Watu wazima wengi hapo hushindwa."

Akatoa kisu kidogo, akayakwangua madoa yote manane. Kisha akanipa spana.

Sikuamini macho yangu! Nilifuta machozi, nikapiga magoti. Tak! "Moja!" wakaitikia wasafiri. Doa. Tak! "Mbili!" Ilipofika nati ya tano, Jackton ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti kuliko wote. Nilifungua kichupa, nikakifunga, nikakifungua tena, nati moja baada ya nyingine, hadi nane.

Masanduku yakarudishwa. Senge akanitazama machoni.

"Namalwa, umekaza?"

"Nimekaza zote, Senge."

Hakuinama kuangalia. Alivaa helmeti, akapanda, akaondoka.