Msitu Uliogeuka Ziwa

"Kuza hapo kwenye ziwa," mkurugenzi aliagiza.

Picha ikakuzwa. Makofi yaliyokuwa yakirindima chumbani yakapungua, yakafa.

"Hilo ndilo ziwa?" mkurugenzi aliuliza.

"Ramani inasema ndilo," fundi wa kompyuta akajibu.

"Mbona limeota miti? Na msitu wenyewe uko wapi?"

"Msitu, mama... kompyuta inasema ni maji."

Wote wakageuka kumtazama Lenzi. Jina lake halisi lilishasahaulika. Kazini alikuwa Lenzi, maana kamera ile ilikuwa mtoto wake, kailea miaka. Wala si kamera ya kupigia picha za harusi hii. Inaupasua mwanga vipande mamia, kila kipande rangi yake, hata rangi ambazo jicho la binadamu halizioni, ili ijulikane kutoka huko angani shamba lipi lina kiu na maji yapi yamechafuka. Nchi yao ilitengeneza kamera. Nchi ya pili ikatengeneza setilaiti na programu ya kusoma picha. Leo ndiyo picha ya kwanza, nchi mbili zinatazamana kwenye skrini, na mtoto wa Lenzi anaaibisha ukoo.

Mkuu wa upande wa pili, mzee asiye na maneno mengi, akasema kutoka kwenye skrini:

"Kamera ni mbovu. Ya setilaiti ya pili tutaitafuta kwingine."

Lenzi akamtafuta kwa macho kijana mrefu aliyekaa nyuma ya mzee, mtaalamu wa kusoma picha, waliyemwita Twiga. Angesema neno moja tu. Twiga akainamisha kichwa.

"Tupumzike kidogo," mkurugenzi akasema.

Kabla Lenzi hajafika kwenye ngazi, ujumbe ukaingia:

"Mpenzi, usilie. Nipigie."

Naam, mpenzi. Hawa wawili walikuwa wanapendana chini kwa chini, kwa sababu sheria ya mradi haikuwa na huruma: wapenzi wajitangaze, na wakishajitangaza wasikaguane kazi. Kila Lenzi alipogusia kujitangaza, Twiga alisema subiri setilaiti iruke. Haya, imeruka.

Akapiga.

"Ulimeza jiwe?"

"Lenzi, ningekutetea wangeshtukia."

"Wangeshtukia nini? Kwamba una mdomo?"

"Nisikilize kwanza..."

"Sikusikilizi. Wanamzika mtoto wangu, wewe unahesabu vidole vya miguu. Mwanaume wa kunipenda mafichoni simtaki tena. Ama useme mbele za watu, ama ufute namba yangu."

Twiga akashusha pumzi.

"Nimekuelewa. Ila niambie kitu kimoja. Kwa nini rangi ya kumi ni nyeusi msituni? Jani bichi lilitakiwa ling'ae pale."

"Ling'ae kwa lipi? Ya kumi ni bluu. Jani bichi linaimeza bluu."

"Bluu? Ya kumi si ile iliyo ng'ambo ya nyekundu, isiyoonekana?"

Lenzi akaketi kwenye ngazi.

"Twiga, nyinyi mnaanzia wapi kuhesabu?"

"Ng'ambo ya nyekundu, tunarudi kwenye bluu. Nyinyi?"

"Tunaanzia kwenye bluu."

"Mungu wangu."

Kamera ilikuwa buheri wa afya. Programu ya Twiga ndiyo iliyokuwa inaisoma picha kinyumenyume, kama mtu aliyefungua kitabu kwa nyuma.

"Lakini kulikuwa na kikao kizima cha kulinganisha hesabu," Lenzi alisema.

"Kilikuwa chetu. Mimi na wewe peke yetu."

Lenzi akahisi mashavu yanawaka. Kikao kile anakikumbuka vizuri kupita kiasi.

"Tulilinganisha nini siku ile?"

"Nilikuuliza kama umeolewa."

"Halafu?"

"Ukacheka. Halafu tukasaini kwamba kila kitu kiko sawa."

"Watauliza ilikuwaje, Twiga. Utasema nini?"

Simu ikakatika.

Kikao kiliporudi, Twiga alikuwa ameshageuza hesabu. Picha ikafunguka, na ziwa likawa ziwa. Msitu ukatulia mahali pake, na ukingoni mwake palionekana hata miti inayoanza kunyauka, ambayo hakuna aliyewahi kuijua. Watu waliruka juu ya viti. Mkurugenzi, mtu mzima na heshima zake, alimkumbatia fundi wa kompyuta bila kumwangalia ni nani.

Mzee kwenye skrini hakusimama.

"Kosa la nani?"

Twiga akainuka. Lenzi alijua Twiga angeweza kusema ni hitilafu ya programu, akakaa, yakaisha.

"Langu, mzee, na la mhandisi wa kamera. Siku ya kulinganisha hesabu hatukulinganisha. Nilikuwa namtongoza."

Mkurugenzi akasogea karibu na skrini.

"Na yeye alikuwa anafanya nini?" mkurugenzi akauliza.

"Nilikuwa najifanya sisikii, mama," Lenzi akajibu.

Mtu mmoja akacheka, na vyumba vyote viwili vikaangua kicheko.

"Sheria unaijua," mzee alimwambia Twiga.

"Naijua. Niondoeni kwenye programu, nipeni hata kufagia. Lakini kamera yake ni nzima. Na mimi nampenda, nataka kumuoa, na nimechoka kumficha kama deni."

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Kwenye programu umetoka kuanzia sasa. Kamera ya setilaiti ya pili atatengeneza huyo huyo binti." Akamgeukia Lenzi. "Haya, mjibu. Sitaki mhandisi mwenye mawazo mawili."

"Mwambieni apande ndege, mzee. Posa ya kwenye skrini siijibu."

Mzee aligeuka kumwambia. Kiti cha Twiga kilikuwa kitupu, koti bado liko mgongoni mwa kiti.

"Huyu kweli ameondoka," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mkurugenzi akamsogelea Lenzi, akamshika bega.

"Akifika utamwambia nini, mwanangu?"

"Nitamwambia ndiyo." Lenzi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Ila msimpigie simu. Mwacheni aje na wasiwasi wake."