Uzi wa Maji

Kila asubuhi, kabla ya chai, Babu aliwasha injini ya boti uani. Aliifunga kwenye meza ya mbao, akavuta kamba, ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka.

"Naijaribu," alimwambia mkewe. "Isije ikanitia aibu mbele ya abiria."

"Abiria wenyewe bado wanakoroma," Bibi alijibu. "Unaamsha kuku tu."

Siku moja mjukuu wao aliamka ana homa kali. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Bibi alimfunga mtoto kwenye shuka, wakaingia botini. Dada yake Babu, ambaye ni fundi wa mashine, akaenda nao.

Katikati ya mto injini ilianza kukoroma vibaya. Harufu ya mpira ulioungua ikatoka, kisha moshi. Bibi aligeuka kutazama mto ulikoelekea. Huko chini mkondo ulipita kwenye mawe makubwa, naye aliwahi kuona boti iliyopasukia pale.

"Niongeze mwendo tufike," Babu alisema.

"Kaka, zima. Ukiiua hapa hatufiki popote. Wifi, tupa nanga."

Bibi alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, akaisukuma nanga kwa mguu. Kamba ilikimbia, ikakaza. Boti ikasimama ikitikisika. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Bibi zaidi.

Babu alichota maji kwa kopo ili aimwagie injini.

"Acha. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka," dada yake alisema. "Hapa ubavuni hutoka uzi wa maji. Umeuona leo?"

"Sikutazama."

"Injini hii hunywa maji ya mto ili ijipoze, kisha huyatema hapa. Usipoyaona, zima papo hapo."

Aliinua injini, akachungulia matundu ya kuvutia maji. Hayakuwa na majani wala mfuko wa plastiki.

"Matundu ni safi. Basi pampu ndiyo imekufa. Kaka, bado unaiwasha uani bila maji?"

"Kidogo tu. Naijaribu."

"Unaiua kwa kuijaribu. Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Kikizunguka pakavu, hata kidogo, kinaungua."

Babu akaliweka kopo chini.

"Mtagombana nchi kavu," Bibi alisema. "Shikeni makasia."

Waling'oa nanga, wakapiga makasia kwa nguvu. Mkondo uliwavuta. Ngurumo ya maji kwenye mawe ilikaribia. Bibi aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto, asikie kama bado anapumua. Hakuliondoa mpaka boti ilipogusa matope ya ng'ambo.

Muuguzi alimpokea mtoto mikononi. "Mmemwahisha," alisema. "Mngechelewa kidogo, ningesema mengine."

Jioni dada yake Babu aliifungua pampu. Mabawa yote yalikuwa yamekatika. Akaweka kigurudumu kipya. Tangu hapo, Babu akitaka kuijaribu injini nyumbani, huitumbukiza kwenye pipa la maji mpaka matundu yazame.

Siku ya kumrudisha mtoto zahanati akapimwe tena ilipofika, Babu aliwasha injini boti ikiwa majini kando ya mto.

"Panda, mama. Jua linapanda."

"Lipande tu," Bibi alisema.

Aliinama, akatazama ubavu wa injini. Uzi wa maji ulitoka, mwembamba kwanza, kisha ukanenepa. Aliukinga kwa kiganja. Ulikuwa vuguvugu, wenye nguvu.

Ndipo akampa Babu mtoto, akapanda.